Nusu ya Blanketi la Delphia

Kijito cha Pruett,
Karolina Kaskazini.
16 Februari 2025

Mpendwa mwanangu Twila,

Hujambo? Uko salama huko Oregon, chini ya mvua yenu isiyojua kukatika? Koo lako linaendeleaje, lile lililokuwa la kwanza kulalamika kila baridi ilipoingia? Na wanafunzi wako, bado wanaogopa hesabu au siku hizi wanakuogopa wewe? Nakuuliza moja moja kwa sababu kadi yako ya Krismasi ilisema tu kwamba u hai. Nilishukuru, lakini ilikuwa habari fupi.

Mimi sijambo, kwa kadiri ya mwanamke wa umri wangu anayevuka kijito juu ya magogo. Magoti yanauma, macho bado yanaona. Nimechoka, Twila. Nalisema mapema ili ukikuta sentensi zimelegea ujue sababu, usidhani ni akili.

Habari za maji ya Septemba ulizisikia kwa kaka yako Garnet, na najua kwamba simu ile mlizungumza kwa adabu kama watu wa benki. Kwa hiyo sitazirudia zote. Kanisa limeoshwa, ingawa siku za jua ukuta bado unatoa harufu ya tope. Vitabu vya maktaba ya shule, vile nilivyovitunza hadi nilipostaafu, vilivimba kama unga uliotiwa hamira. Nilivianika ukurasa kwa ukurasa kwenye kamba za nguo hadi nikaona najidanganya. Nilibakiza vichache ambavyo bado vinafunguka. Nyumbu wa Zella Buckner alipatikana mlimani akiwa mzima, amenenepa, na tangu siku hiyo hamtii mtu.

Daraja la kwenda kwa mama yako lilikwenda lote, na nguzo zake. Ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Unajua lilijengwa na nani. Baba yako Burl na mdogo wake Hobart, mume wangu, walilijenga wakiwa vijana, kwa magogo ya mwaloni na reli za zamani. Sasa serikali inasema barabara zake itatengeneza na madaraja yake itajenga, lakini lile lilikuwa daraja la mtu. Mbele ya sheria ni sawa na banda la kuku. Afisa aliyekuja kutueleza alikuwa kijana mpole, na alisimama upande huu wa kijito akimpungia mama yako mkono upande wa pili, kwa sababu hakuthubutu kuvuka. Mama yako hakumpungia.

Wapo mafundi waliokuja kutoka Pennsylvania, wakulima wa kanisa moja la huko, wanaume wenye ndevu na maneno machache. Hawataki mshahara. Wanataka kulishwa, nasi tunawalisha maharage, mkate wa mahindi na matufaha ya kukaushwa hadi tunaona haya. Wamejenga nyumba mbili huku chini, na wamepima mahali pa daraja la mama yako. Kazi yao ni bure. Chuma chenyewe si bure, na Pasaka ikipita wanarudi kwao kulima. Wasipolijenga wao hakuna mwingine wa kulijenga.

Ndiyo maana sisi wanawake wa kanisani tulianza kufuma. Mitambo ya mabibi ilishushwa kutoka darini, ikafutwa vumbi, na wote tuliowahi kufuma tukaitwa, hata tuliokuwa tumeapa kwamba hatutakaa tena kwenye ile mbao ya kukalia. Watu wa mjini wanayapenda mablanketi yetu ya maua ya zamani, hasa sasa ambapo wanatuhurumia, na huruma hiyo haidumu. Tulijua lazima tufume haraka.

Na haraka ikatuponza. Unakumbuka tunavyofuma. Mtambo ni mwembamba, hautoi blanketi zima. Unafuma nusu, unafuma nusu ya pili, kisha unazishona katikati ili ua la kushoto likutane na ua la kulia. Zella akapendekeza tugawane: kila mtu afume nusu moja, mwenzake afume ya pili, tumalize mapema. Hilo lilikuwa wazo la mtu aliyechoka, na kwa kuwa wote tulikuwa tumechoka lilipita bila kupingwa. Kila mmoja wetu alifundishwa tangu utoto kwamba nusu zote mbili ni za mkono mmoja. Tulilijua hilo, na bado tukagawana.

Siku ya kushona tulizitandaza sakafuni mwa kanisa. Uzi ule ule, ua lile lile, na hakuna jozi iliyokutana. Zella anapiga ubao wa mtambo, ule wa kubana uzi, kama anaua nyoka, kwa hiyo maua yake yalikuwa mafupi na mazito. Icie Messer anaugusa kama anamwamsha mtoto, na yake yalirefuka hadi yakapoteza umbo.

Icie alitazama kazi ya Zella akasema, “Dada, hii ni nusu ya blanketi au nusu ya mlango?”

“Ya mlango,” Zella akamjibu. “Na yako tutachujia maziwa.”

Mchungaji aliingia wakati huo kutuombea, akatukuta tunacheka huku wengine wanalia, akatoka tena polepole.

Januari yote ikaenda katika kurudia. Kila mtu alifuma nusu ya pili ya nusu yake mwenyewe, mablanketi yakashonwa, yakauzwa Asheville, na karibu chuma chote kimelipiwa. Kilichobaki kinalingana na blanketi moja, na hilo blanketi lina mwenyewe. Kuna mume na mke wenye nyumba ya wageni kule juu ya barabara ya milimani. Kwa miaka mingi wamemwomba mama yako awafumie lile ua la Nyayo za Paka na Njia ya Konokono, naye kwa miaka mingi amewajibu kwamba atafikiria. Baada ya mafuriko walipandisha ahadi yao hadi ikafikia kile kilichokuwa kinapungua. Walisema wazi kwamba wanataka la Delphia, la mkono wake, si la kikundi. Siwalaumu. Nami ningetaka la Delphia.

Nusu ya kwanza aliimaliza kabla ya mafuriko. Nimeitazama sana. Ni bluu ya nili aliyoitia mwenyewe, sufu ya kondoo wenu wa mwisho, na kila mzingo wa ile njia ya konokono ni duara hasa. Uzi wa nusu ya pili ulikuwa ghorofani, kwa hiyo ulipona. Banda la kutilia rangi halikupona, wala chungu cha nili. Uzi uliopo unatosha nusu moja, na haiwezekani kupata mwingine wa rangi ile.

Mwezi wa Oktoba mama yako aliteleza kwenye magogo akiwa na ndoo. Garnet alikuambia kwamba alijigonga. Hakujigonga, Twila. Alivunjika bega na kiganja. Alimkataza Garnet kukuambia, na mimi hakunikataza kwa kuwa hakufikiri kama ningethubutu. Mifupa imeunga. Daktari anasema mkono utainua kikombe na kuchana nywele. Kupiga ubao wa mtambo, hapana.

Basi nikakaa mimi. Kila asubuhi navuka magogo nikishika kamba, napanda hadi kwake, nakaa kwenye mtambo wake, juu ya mtande, zile nyuzi za urefu alizozitanda mwenyewe, naye anakaa kwenye kiti kando yangu, mkono kifuani, kama hakimu.

“Piga, usibembeleze,” ananiambia.

“Napiga.”

“Unapiga kama mtu anayeomba radhi. Huo uzi umekukosea nini?”

Nikaongeza nguvu.

“Sasa umekuwa Zella. Mungu atuhurumie.”

Nilipofika urefu wa mkono mmoja tulichukua nusu yake tukailaza kando ya yangu. Maduara yake yalikuwa maduara. Yangu yalikuwa yamerefuka kila moja, yamechongoka juu na chini. Mama yako aliyatazama kwa muda akasema, “Umefuma mayai, Vesta. Sasa utafute na kuku wa kuyaatamia.”

Nikafumua. Nikafuma tena, nikafumua tena, hadi mara ya tatu. Unajua sufu inavyofanya ikifumuliwa: inatoa manyoya, inapoteza mng'ao, inakuwa kama nywele za mgonjwa. Ikifumuliwa tena haitafaa. Zella alijitolea kujaribu, na mama yako akamjibu kwamba asingemtuma hata kwenye mtambo wa adui yake. Nadhani Zella alifurahi, maana magogo yale anayaogopa.

Mara ya tatu hiyo, nilipokuwa nakunja uzi, mama yako aliongea bila kunitazama. “Mkono wangu upo. Uko Oregon unaandika hesabu ubaoni.”

Niliendelea kukunja uzi. Kwa miaka tisa hakuwahi kukutaja mbele yangu, na niliogopa kwamba nikipumua vibaya atanyamaza. Akaendelea, “Lile blanketi la kitandani mwako. Nenda uniambie nusu yangu ni ipi.”

Nilikwenda nikalitandaza mezani karibu na dirisha. Nimelala chini ya blanketi hilo tangu Hobart yuko hai na sikuwahi kujiuliza swali hilo. Nilivaa miwani, nikachukua rula, nikapima maua ya upande huu na upande ule. Sikuona tofauti. Kesho yake nikamwambia, kwa kubahatisha, kwamba yake ni ya kushoto.

“Ya kushoto ni ya yule mtoto,” akasema. “Nilikuwa kitandani naumwa mapafu. Alikuwa na miaka kumi na sita, akalimalizia bila kuniuliza.”

Kwa hiyo unaona ninachotaka kukuomba. Kabla sijakiomba, niruhusu niseme jinsi ninavyolitazama jambo lenyewe, kwa sababu nisingependa uje, au ukatae, kwa kudhani kwamba sikumbuki.

Nakumbuka siku tuliyomzika Burl. Nilikuwa jikoni nakata keki wakati ulipomwambia mama yako auze nyumba aende kukaa nawe. Ulisema taratibu na kwa sababu zilizopangika: njia ni mwinuko, ukuta wa nyuma una unyevu, hakuna daktari, na siku moja maji yatakuja. Alikuambia kwamba aliyechoka na nyumba hii anajua daraja lilipo. Ukachukua mkoba wako ukavuka. Ukiniuliza nani alikuwa na hoja bora, nitakuambia wewe. Maji yalikuja.

Lakini mimi, Twila, ni mtu aliyekwisha kuhamishwa kwa hoja bora. Nilikuwa na miaka kumi na tisa serikali ilipolinunua bonde letu ili ipate ziwa la kuzalishia umeme. Waliokuja kutuhamisha walikuwa watu wa adabu, walivua kofia mlangoni. Tulipewa nyumba mpya yenye bomba la maji na jiko la umeme. Mama yangu aliupika mkate wa mahindi maisha yake yote kwa kuingiza mkono ndani ya jiko la kuni na kuhesabu kimoyomoyo hadi joto limfukuze. Jiko jipya lilikuwa na kitasa chenye namba. Hakuna siku mkate wake uliiva sawasawa tena. Alikuwa akiuomba msamaha kila tulipokaa mezani, nasi tukimwambia ni mzuri, naye akijua. Alikufa akiwa mgeni katika jiko lake. Hakuna aliyemdhulumu, na hakuna wa kumshitaki. Mimi mwenyewe nina zaidi ya nusu karne kwenye kijito hiki, nimeolewa hapa na nimezika mume hapa, na bado nikipita dukani nasikia wazee wakisema yule mama wa ziwani.

Garnet ameshaandaa nyumba ndogo ya magurudumu nyuma ya karakana yake mjini. Ameweka ngazi fupi na kishikio cha mkono bafuni. Si mtoto mbaya, anaogopa tu. Theluji ya mlimani ikiyeyuka kijito kitapanda, magogo yataondoka, na mama yako atakuwa peke yake ng'ambo na mkono mmoja. Alimwambia hivi: daraja likijengwa utakaa, lisipojengwa utakuja kwangu. Nilitarajia vita. Mama yako alikuwa anamenya viazi kwa mkono ule mmoja, kiazi amekibana kwa goti, akasema, “Sawa, mwanangu.” Hilo ndilo lililonitisha. Sijawahi kumsikia Delphia Pruett akisema sawa kwa jambo asilolitaka. Tangu siku hiyo amekuwa akigawa vyombo vyake. Mimi nimepewa mtungi wa kusindikia kabeji na nimeuacha pale pale alipouweka.

Huenda unafikiri: kwa nini nisafiri nchi nzima nikasaidie kumwacha mama yangu mahali nilipomwambia atoke? Nimelifikiri swali hilo nikivuka magogo, na jibu langu ni dogo. Daraja linapitika pande zote mbili. Likiwepo, ataweza kutoka siku atakayotaka yeye, kwa miguu yake, labda mwakani, labda mwezi ujao, labda aje kwako. Lisipokuwepo atatolewa. Nimeziona namna zote mbili za kuondoka na najua zinavyomwacha mtu.

Ombi langu basi ni hili. Likizo yako ya Machi ni wiki moja. Nusu moja, kwa mtu aliyefundishwa kwenye mtambo ule, ni wiki moja ya kufuma kutwa. Haiwezi kufumwa huko kwako, hata ukiwa na mtambo, kwa sababu mtande uko hapa na mbao zile zina uzito wake. Garnet atakupokea uwanja wa ndege na atakufikisha kijitoni. Kwenye magogo nitakushika mkono, au wewe utanishika.

Sikuombi mpatane. Sina nguvu ya kupatanisha watu na sikuwahi kuwa na kipaji hicho. Huhitaji kumwambia neno lolote la nyuma, wala yeye hatakuambia. Nakuomba ufume tu. Kama mkono umesahau, utaniandikia hivyo nami nitaelewa, ingawa nadhani mkono hausahau haraka kama sisi.

Jana nilimwambia kwamba nakuandikia. Ilikuwa lazima, singeweza kukaa kando yake nikiwa na siri ya ukubwa huo.

“Mwambie sitamsemesha,” akasema.

“Hilo nalo niliandike?”

“Liandike kwanza kabisa.”

Nimeliandika, ingawa si kwanza.

Leo baada ya ibada nilivuka kumpelekea mchuzi. Hakuwa chumbani, alikuwa nje kwenye kuku. Nikakaa kwenye mtambo kupumzika kidogo, na miguu yangu ikaning'inia. Haikufika kwenye kanyagio. Nilishuka nikachungulia chini ya ile mbao ya kukalia na nikaona imehamishwa, imetolewa kwenye matundu ya chini tunayotumia siku zote na kupandishwa hadi matundu ya juu kabisa. Ni mbao nzito ya mwaloni. Sijui mtu wa mkono mmoja aliinuaje, labda kwa goti, labda kwa mgongo. Mama yako na mimi sote ni wafupi, Twila. Katika ukoo mzima mwenye miguu mirefu ya Burl ni mmoja.

Aliporudi na mayai nilimuuliza nani amepandisha mbao.

“Panya,” akasema, akaenda kuosha mayai.

Niliiacha palepale juu.

Garnet anakusalimu, na mkewe Lovada anauliza kama bado hupendi vitunguu pori, maana msimu wake unakaribia. Zella na Icie wanakusalimu kila mmoja peke yake, kwa sababu hawajasemezana tangu ile siku ya kushona. Wasalimie majirani zako waliokutunza ulipougua. Mungu aliyekupeleka mbali akuangalie njiani, huko uliko na popote utakapoelekea, na akupe usingizi mzuri.

Ni mimi ninayekupenda hata usipojibu,

Mama yako mdogo,
Vesta